Uwezo, sababu, nia: maana ya utayari wa vita katika kisa cha Kagera, 1978

Tarehe 30 Oktoba 1978 wanajeshi wa Idi Amin wapatao 3,000 waliingia Tanzania kupitia Mutukula, wakiwa na vifaru na magari ya deraya, wakaitwaa ardhi yote iliyo kati ya mpaka na mto Kagera. Ni eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,800. Walinzi waliokuwepo upande wetu walikuwa wachache mno kuweza kuzuia lolote. Tarehe 1 Novemba Kampala ilitangaza kwamba kuanzia siku hiyo mpaka ni mto Kagera na eneo lote la kaskazini yake ni la Uganda. Radio Uganda ikajigamba kuwa limetekwa kwa dakika 25.

Tarehe 2 Novemba Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia taifa. Katika hotuba hiyo alisema maneno ambayo kila Mtanzania aliyevuka darasa la nne anayajua: kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo.

Wengi wetu tunayakariri maneno hayo kama kauli ya ushujaa. Mimi nayasoma kama maelezo ya utayari wa vita, na sijapata kuona maelezo ya dhana hiyo yaliyo mafupi na kamili kuliko hayo kwa Kiswahili. Lakini ukiyapima kwa yaliyokuwa yakitokea siku ile ile katika mto Kagera, unagundua jambo ambalo hadithi yetu ya ushindi hulipita haraka. Sababu ilikuwepo, imemwagika damu mbele ya macho ya watu. Nia ilikuwepo. Uwezo ulikuwepo nchini, ila haukuwepo mpakani, na ulihitaji wiki kadhaa kufika huko. Utayari wa vita ni urefu wa muda huo. Makala haya yanaufuatilia muda huo hatua kwa hatua, na watu walioulipia.

Utayari, tahadhari, hatari

Katika taarifa za majeshi yetu na katika magazeti, maneno matatu hutumika kana kwamba yana maana moja. Kisa cha Kagera hakieleweki bila kuyatenganisha.

Hali ya hatari ni jambo la kisheria. Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa Rais madaraka ya kuitangaza katika ibara ya 32, na madaraka ya kutangaza vita yako peke yake katika ibara ya 44. Hali ya hatari inaweza kutangazwa kwa sababu ya mafuriko au njaa, hata kama hakuna askari hata mmoja aliyetoka kambini. Tahadhari, kwa upande wake, ni amri: likizo zinafutwa, walinzi wanaongezwa, silaha zinatolewa ghalani. Amiri anaweza kuamuru tahadhari usiku huu na ikatekelezwa kabla ya alfajiri.

Utayari wa vita, au utayari wa kivita kama wanajeshi wanavyopenda kusema, hauamriwi. Ni hali ambayo jeshi na nchi inayolilisha vimekwisha kuifikia, au havijaifikia, siku adui anapotokea. Mafunzo yaliyofanyika mwaka juzi ni sehemu yake. Barabara iliyojengwa au isiyojengwa ni sehemu yake. Idadi ya malori yanayowaka asubuhi ni sehemu yake, na pia umbali kati ya ghala la risasi na mtu wa kuzifyatua. Kamanda anayesema "tumeamuru utayari" amesema jambo lisilowezekana. Alichoamuru ni tahadhari, na tahadhari itamwonyesha tu utayari aliokuwa nao kabla ya kuamuru.

Ndiyo sababu nalipenda neno uwezo katika hotuba ya Mwalimu. Hakusema "tuko tayari". Angesema hivyo angekuwa amesema jambo ambalo lisingethibitika wiki ile.

Kwa nini palikuwa patupu

Mtu akiitazama ramani ataona tatizo upesi. Mpaka wa Tanzania na Uganda magharibi mwa Ziwa Victoria ni mstari ulionyooka unaofuata latitudo ya nyuzi 1 kusini, mstari uliochorwa na Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi zisizo zao. Mto Kagera haufuati mstari huo. Unapinda chini yake, kwa hiyo kipande cha ardhi ya Tanzania kinabaki ng'ambo ya mto, kimeungana kwa nchi kavu na Uganda kuliko kilivyoungana na Tanzania yenyewe. Daraja la maana lilikuwa moja, Kyaka, yapata kilomita 30 kutoka Mutukula. Anayetaka kukilinda kipande hicho lazima apigane akiwa ameupa mto mgongo. Anayetaka kukishambulia anateremka tu.

Jiografia peke yake haitoshi kueleza kilichotokea. Amin alichukua madaraka kwa mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971, na Rais aliyepinduliwa, Milton Obote, akapokelewa Dar es Salaam. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivamia Uganda kutokea Tanzania wakashindwa vibaya. Mwezi uliofuata, kwa usuluhishi wa Somalia, nchi mbili zilitia saini Mkataba wa Mogadishu, ambao pamoja na mengine ulizitaka ziondoe majeshi yao hadi kilomita 10 kutoka mpakani. Kwa hiyo upungufu wa askari kaskazini ya mto ulikuwa kwa sehemu utekelezaji wa ahadi.

Kisha macho ya jeshi yalikuwa kwingine. Miaka ile ya sabini mzigo wa Tanzania ulikuwa kusini: Msumbiji iliyokuwa imepata uhuru mwaka 1975 na kushambuliwa kutokea Rhodesia, wapigania uhuru waliokuwa na kambi nchini, na hofu ya kweli ya makaburu. Upande wa kaskazini, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na mpaka na Kenya umefungwa. Brigedi iliyokuwa na dhamana ya magharibi yote ilikuwa na makao yake Tabora, mamia ya kilomita kutoka Kyaka. Jeshi lililopangwa kukabili hatari ya kusini lilivamiwa kaskazini magharibi.

Hata hivyo dalili zilikuwepo, na hapa ndipo hukumu yangu inakuwa kali zaidi. Uvamizi wa tarehe 30 haukuwa wa kwanza mwezi ule. Tangu mwanzoni mwa Oktoba vikosi vya Uganda vilikuwa vikivuka na kurudi. Radio Uganda ilikuwa ikidai kwamba Tanzania ndiyo iliyovamia, na serikali inayoanza kudai imevamiwa aghalabu inajitafutia kisingizio. Tarehe 18 Oktoba ndege za Amin zilidondosha mabomu Bukoba, makao makuu ya mkoa. Madhara yalikuwa madogo lakini mji ulishikwa na taharuki. Kati ya mabomu ya Bukoba na vifaru vya Mutukula kulikuwa na siku 12. Siku hizo zilitosha kwa tahadhari. Hazikutosha kuleta brigedi na kuvuka nayo mto, na naamini hilo ndilo kosa: si kwamba hakuna aliyeona, bali muda wa kusogeza nguvu ulikuwa mrefu kuliko muda ambao dalili zilitoa. Nchi yenye pengo hilo haijawa tayari, hata kama askari wake ni hodari na wakuu wake wana macho.

Waliolipia pengo hilo walikuwa wakulima na wafugaji wa kaskazini ya mto. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 1,500 waliuawa, na maelfu kwa maelfu walikimbilia kusini na walichoweza kubeba. Ng'ombe walichukuliwa kwa maelfu. Kiwanda cha sukari cha Kagera kiliporwa, mashine zikapakiwa kwenye malori kuelekea Uganda. Wanawake walibakwa. Tunaposema "tulipigwa ghafla tukajipanga", hao ndio walioishi katikati ya hayo maneno mawili, ghafla na tukajipanga.

Daraja la Kyaka

Adui naye apimwe kwa kipimo hicho hicho. Jeshi la Uganda lilikuwa na vifaru, ndege za kivita na mizinga ya kutosha. Kwa orodha ya vifaa lilionekana tayari kuliko letu. Lakini tazama lilichofanya lilipofika mtoni.

Halikuvuka. Daraja lilikuwa pale, zima, na kusini yake hapakuwa na nguvu kubwa ya kulizuia katika siku za mwanzo. Badala ya kulishika, wakuu wake waliamua kulibomoa ili Watanzania wasirudi nalo. Ndege zilitumwa kulipiga mabomu zikakosa. Hatimaye alitafutwa mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe, na tarehe 3 Novemba daraja likavunjwa kwa baruti zilizofungwa kwenye nguzo zake. Jeshi lenye ndege za kivita lililazimika kuazima fundi wa mgodini ili livunje daraja moja.

Baada ya hapo askari wake walishughulika na kupora. Hawakuchimba mahandaki ya maana kando ya mto, wala hawakujiandaa kwa siku ambayo wenye nchi wangerudi. Uwezo wa silaha ulikuwepo, lakini sababu ilikuwa ya kubuni na nia ilikuwa ya wizi. Jeshi lenyewe lilikuwa limechanwa na chuki za ndani na maasi. Mwezi Aprili mwaka ule makamu wa Rais, Mustafa Adrisi, alijeruhiwa katika ajali ya gari ambayo wafuasi wake hawakuiamini kuwa ajali, na tangu hapo kambi ziligawanyika. Ukiondoa maneno mawili katika yale matatu ya Mwalimu, unabaki na vifaru vilivyoegeshwa kando ya mto vikisubiri kupigwa.

Wiki tatu za kusafirisha uwezo

Usiku wa habari za uvamizi, Mwalimu alikutana nyumbani kwake Msasani na wakuu wake wa jeshi, akiwemo Mkuu wa Majeshi Abdallah Twalipo. Jibu la Twalipo lilikuwa la mwanajeshi mkweli: wavamizi wanaweza kutolewa, ila itachukua muda. Mwalimu akamwambia aanze. Nadhani mazungumzo hayo yana thamani kuliko nusu ya vitabu vya mikakati, kwa sababu aliyeulizwa hakusema "tuko tayari, Mzee" ili kumfurahisha mkubwa. Alitaja muda. Kiongozi anayedanganywa kuhusu muda hutuma watoto wa watu mtoni kabla mizinga haijafika.

Muda huo ulitumikaje? Kazi ya kuikusanya nchi alipewa Waziri Mkuu Edward Sokoine. Kupitia kwa wakuu wa mikoa, malori na mabasi ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yalichukuliwa kwa kazi ya vita. Madereva wengi walikwenda pamoja na magari yao. Reli ya kati ilibeba vifaru na mizinga hadi Mwanza, na kutoka Mwanza ni ziwa au barabara mbaya inayolizunguka. Vikosi vilivyokuwa kusini, Songea, vililazimika kuikata nchi nzima kutoka pembe moja hadi nyingine. Na ilikuwa Novemba: mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na barabara za udongo za Magharibi zikawa tope. Anayetaka kujua utayari wa nchi hahitaji kutazama gwaride. Atazame treni ya mizigo ikisubiri njia Tabora wakati mbele kuna vita.

Askari nao walitoka wapi? Hapa Tanzania ilivuna ilichopanda miaka saba kabla. Mwongozo wa TANU wa Februari 1971 uliandikwa wiki chache baada ya Amin kuchukua madaraka, na baada ya Wareno kuvamia Guinea Novemba 1970. Hoja yake kuhusu ulinzi ilikuwa wazi: nchi changa haiwezi kuachia ulinzi wake mikononi mwa jeshi dogo la kulipwa, lazima wananchi wafunzwe. Kutoka hapo yakaja mafunzo ya mgambo katika vijiji, viwanda na maofisi, juu ya Jeshi la Kujenga Taifa lililokuwepo tangu 1963. Kulikuwa na kumbukumbu chungu nyuma ya hilo. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi la wakati huo, waliasi, serikali ikalazimika kuomba msaada wa Waingereza kuwanyang'anya silaha, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilipoundwa tarehe 1 Septemba 1964 lilikusudiwa kuwa jeshi la aina nyingine, lililo karibu na wananchi.

Matokeo yake ni kwamba jeshi lililokuwa na askari wasiofikia 40,000 lilipanuka katika wiki na miezi michache hadi kupita 150,000, wakiwemo mgambo wapatao 40,000, polisi, askari magereza na vijana wa JKT. Mtu wa kawaida aliyekwisha kufunzwa kushika bunduki, kupiga kwata na kutii amri hakuanza kutoka sifuri. Huo nao ni utayari, tena ule usioonekana kwenye orodha ya silaha. Tanzania haikuwa tayari kuulinda mpaka wake tarehe 30 Oktoba. Ilikuwa tayari kuwa tayari. Tofauti hiyo imeiokoa.

Haikuwa safari safi. Katika siku hizo za mwanzo wapiga mizinga wa Tanzania wenyewe, karibu na Musoma, walizidungua ndege za kivita za Tanzania zilizokuwa zikielekea Mwanza. Waliofyatua walikuwa macho, silaha zao zilifanya kazi na shabaha yao ilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni taarifa kati ya waliokuwa angani na waliokuwa chini. Tahadhari ilikuwa ya juu kabisa siku ile Musoma, na utayari ulikuwa na tundu. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa kutofautisha maneno haya mawili, na inauma kuuandika, kwa sababu marubani wale walikuwa wetu.

Mizinga ilipofika kusini ya Kagera, hali ilianza kugeuka. Maroketi ya BM-21, ambayo Waganda waliyaita saba saba na bado wanayaita hivyo, yalianza kuangukia ng'ambo ya mto, na askari wengi wa Amin wakaanza kukimbia hata kabla hawajaona sura ya Mtanzania. Tarehe 14 Novemba Amin alitangaza kwamba ameyaondoa majeshi yake. Dar es Salaam ilisema huo ni uongo. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitaka usuluhishi, na Mwalimu akajibu kwamba kwanza umoja huo umlaani mvamizi. Amin alipendekeza pia wamalize ugomvi ulingoni kwa ngumi. Mwishoni mwa mwezi daraja la muda lilikuwa limewekwa na brigedi za operesheni iliyopewa jina la Chakaza zilikuwa zimevuka bila upinzani mkubwa. Mwanzoni mwa Januari 1979 eneo lote lilikuwa limesafishwa.

Nia ikishaachiliwa

Nia ndiyo sehemu ambayo watu wanadhani ni rahisi. Kila nchi iliyovamiwa ina hasira. Lakini hasira haina mpaka, na nia ya vita lazima iwe na mpaka, la sivyo inakula wasiohusika.

Waliovuka Kagera walikuta maiti za raia na nyumba zilizochomwa. Walipoiteka Mutukula tarehe 21 Januari 1979, upande wa Uganda, mji ule ulisawazishwa kwa matingatinga, na wakazi waliobaki wakauawa. Mwalimu alifadhaika aliposikia. Amri ikatoka kwamba kuanzia hapo raia na mali zao wasiguswe, na kwa sehemu kubwa ya safari ya kwenda Kampala amri hiyo ilishika. Tunaitaja kwa haki nidhamu ya JWTZ Uganda, na tuitaje pia Mutukula, kwa sababu nidhamu ile haikuanguka kutoka mbinguni. Ilirekebishwa na kiongozi baada ya tendo baya.

Shabaha ya vita nayo ilibadilika njiani. Kwanza ilikuwa kuikomboa ardhi. Kisha ikawa kushika miinuko ya Mutukula ili mizinga ya adui isiweze kuipiga ardhi hiyo tena. Kisha Masaka na Mbarara, kama adhabu kwa Bukoba na Kyaka. Masaka ilianguka tarehe 24 Februari. Kampala ilikuja baadaye, Libya ilipoingia vitani na Waganda waliokuwa uhamishoni walipokusanyika Moshi mwezi Machi kuunda chombo cha kushika nchi. Ukisikiliza neno nia katika hotuba ya Novemba, kumpiga kulikuwa na maana ya kumtoa. Kufikia Aprili kulikuwa na maana ya kumng'oa. Uwezo ulipokua, nia ilikua nao, na sidhani yeyote aliyekuwa Msasani usiku ule wa Oktoba alikuwa anaifikiria Kampala.

Lukaya, mtihani wa pili

Kama ningeruhusiwa kuchagua siku moja ya kupima utayari katika vita nzima, nisingechagua siku ya kuingia Kampala. Ningechagua usiku wa tarehe 10 Machi 1979 huko Lukaya, mji mdogo kaskazini ya Masaka, mahali ambapo barabara inapita katikati ya kinamasi.

Brigedi ya 201 chini ya Imran Kombe, iliyojaa mgambo ambao hawakuwahi kuona vita, ilishambuliwa na nguvu ya pamoja ya Uganda na Libya, yenye vifaru na maroketi. Maroketi mengi yaliwapita juu bila kuwagusa. Lakini kishindo chake kiliwatosha vijana wale, na wengi wakavunja safu wakarudi nyuma. Hawa ndio waliokuwa "tayari" kwa mujibu wa takwimu za Januari: wamefunzwa, wana silaha, wamevaa sare. Takwimu hazikuwa zimewahi kusikia roketi.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niitaje Lukaya. Adui hakuitumia nafasi aliyoipata. Hakusonga mbele na kumfukuza aliyekuwa anakimbia. Upande wa Tanzania, David Msuguri, aliyeongoza divisheni ya 20, aliigeuza brigedi ya 208, iliyokuwa mbali upande wa magharibi, isafiri usiku kucha na kutokea ubavuni mwa adui. Wakati huo huo wale wa 201 walikusanywa na kupangwa upya. Alfajiri ya tarehe 11 mashambulizi yalitoka pande mbili, na majeshi ya Libya na Uganda yakavunjika, yakiacha mamia ya waliokufa. Mgambo walewale waliokimbia jioni walipigana asubuhi.

Miezi minne kabla, kuisogeza brigedi moja hadi Kyaka kulichukua wiki. Lukaya brigedi moja ilihamishwa kwa usiku mmoja, ikapigana kulipokucha. Hapo ndipo naona JWTZ limefika pale ambapo hotuba ya Novemba ilisema lipo. Entebbe ilichukuliwa tarehe 7 Aprili, Kampala tarehe 11, na tarehe 3 Juni majeshi yalifika mpaka wa Sudan.

Gharama ya kuchelewa kuwa tayari

Wapo wanaosema, kwa nia njema, kwamba kisa hiki kinathibitisha nchi maskini haihitaji kuweka jeshi kubwa mpakani, maana wananchi wakiamka wanatosha. Sikubaliani nao. Wananchi waliamka kwa sababu walikuwa wamefunzwa kwa miaka saba, na pamoja na hayo watu wa kaskazini ya Kagera walibaki mikononi mwa wavamizi kwa wiki. Wapo pia wanaosema kinyume chake, kwamba palitakiwa brigedi nzima Mutukula tangu 1972. Hao nao wajibu fedha za kuilisha brigedi hiyo kwa miaka sita zingetoka shule zipi na zahanati zipi. Kilichowezekana kwa bei nafuu kilikuwa kufupisha muda: barabara ya uhakika kutoka Mwanza hadi Bukoba, ghala la vifaa vya madaraja ya muda magharibi mwa ziwa, na kikosi cha mizinga kusini ya mto. Hayo hayavunji Mkataba wa Mogadishu, kwa kuwa Kyaka iko nje kabisa ya kilomita 10.

Tulichookoa kwa kutoyafanya tulikilipa mara nyingi zaidi. Vita iligharimu takriban dola za Marekani milioni 500, nchi ikiwa imekwisha kupoteza huduma za pamoja za Jumuiya na bei ya mafuta ikipanda mwaka ule ule wa 1979. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Malori yaliyokwenda Uganda, yale yaliyorudi, yalirudi yamechoka, na mazao yalikaa vijijini bila usafiri. Miezi 18 ilikwisha na sukari, sabuni na mafuta ya taa bado vilikuwa adimu. Mwaka 1983 Edward Sokoine, yule yule aliyeyakusanya malori ya nchi kwa ajili ya Kagera, alikuwa tena Waziri Mkuu, na kazi yake safari hii ilikuwa kuwasaka walanguzi waliokuwa wameficha bidhaa hizo.